Sony WH-1000XM4 kwa nyumba yenye Asperger: tathmini ya mume wa Tanga

Wanaoitathmini hedifoni hii huanza na muziki: besi ikoje, sauti nyembamba zinatokaje. Mimi huko siendi. Hedifoni yenyewe si yangu, ni ya mke wangu, na mara nyingi huivaa bila kucheza kitu chochote. Anawasha kile kizuia kelele, basi, anakaa na ukimya wake. Anayetaka habari za besi atazipata kwingine kwa wingi. Mimi namwandikia mtu anayempenda mwenye Asperger, aina ya usonji, awe ameshafunga naye ndoa au bado wanachumbiana, na amesikia kuna kifaa cha zaidi ya laki nane kinachoweza kuwasaidia wawili hao. Kinasaidia. Ila msaada wake hauko pale tangazo linapoonyesha.

Mke wangu ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Kazi yake anaipenda kupita kiasi: darubini, slaidi ya damu, kuhesabu vimelea vya malaria kwa kila chembe nyeupe 200. Wenzake wakichoka macho huletewa yeye. Karatasi ya Asperger alipewa alipokuwa akisoma Liverpool mwaka 2011, kabla hatujajuana, na ina namba F84.5, namba ya hali hiyo katika toleo la 10 la orodha ya Shirika la Afya Duniani. Madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa jina hilo kwenye mwongozo wao mwaka 2013, wakaiingiza hali hiyo ndani ya usonji, na toleo la 11 la orodha ya Shirika la Afya nalo likafanya hivyo. Mke wangu mwenyewe aliliacha jina hilo baada ya mwaka 2018, mwanahistoria Herwig Czech alipochapisha ushahidi kwamba daktari Hans Asperger wa Vienna aliwapeleka watoto Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto wenye ulemavu waliuawa wakati wa utawala wa Hitler. Sasa husema ana usonji. Mimi naandika Asperger hapa kwa sababu ndilo jina nililokuwa nikilitafuta kwenye simu usiku, miezi ya mwanzo ya ndoa, na najua wengine bado wanalitafuta.

Tunakaa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zenye namba. Upande mmoja kuna fundi wa mageti mwenye grenda, upande wa pili jirani mwenye subwufa, na jioni za Jumamosi matarumbeta hupita na bibi harusi. Watu hudhani shida ya mke wangu ni ukubwa wa sauti. Sivyo. Adhana ya msikiti wa hapo nyuma ni kubwa kuliko vyote nilivyovitaja na haijamsumbua hata siku moja: anajua saa yake, anajua inaanzaje na itaishia wapi. Grenda haina saa. Inaweza kuanza sasa hivi, ikanyamaza, ukatulia, ikaanza tena. Na kuna sauti ambazo mimi sizisikii kabisa mpaka anionyeshe. Friji. Ile taa ndefu ya tyubu inayolia kabla ya kufa. Feni la mama yangu, lenye panga moja lililopinda linalogusa waya kila mzunguko, tak, tak, tak. Kwa mke wangu feni lile ni mtu anayemgonga paji la uso kwa kidole huku akimwomba aendelee na mazungumzo.

Hapo ndipo hedifoni inapofanya kazi iliyotengenezewa. Ina vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza kelele ya nje, kisha inatoa wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo, mawili yanafutana. Kwa sauti nzito zisizobadilika, kama jenereta, injini ya basi, kiyoyozi au mngurumo wa friji, inafuta kiasi kwamba mara ya kwanza unapoivaa unahisi kama chumba kimehama. Kwa sauti za ghafla na za juu, sahani, honi, mtoto analia, mtu anaita, inapunguza tu. Ukinunua kwa kutegemea ukimya wa kaburini hutaupata. Kwetu imekuwa bahati, maana nikikaa karibu na kusema taratibu ananisikia, huku friji halisikiki. Anasema ndiyo mara ya kwanza amenisikia mimi peke yangu.

Niseme jambo ambalo sijaliona kwenye tathmini yoyote ya Wazungu: ushungi. Mke wangu hujifunika, na hedifoni kubwa ya kufunika sikio ina maswali yake. Ukiivaa juu ya mtandio, kitambaa kinakaa kati ya pedi na ngozi, mwanya unabaki, na zile sauti nzito zinaingia kupitia hapo. Nusu ya pesa yako imepotea. Ukiivaa chini ya mtandio inakaa vizuri zaidi, lakini kitambaa kikisugua vile vipaza sauti vya nje unasikia mchakacho, na kile kibao cha kugusa upande wa kulia hakisomi vidole vizuri kupitia nguo. Yeye ameishia kuivaa chini, kwa mtandio mwepesi usiobana, na mambo ya kuongeza au kupunguza sauti anayafanya kwenye simu. Mtandio wa pamba ndio mzuri. Ule wa kitambaa cha kuteleza unachakacha sana.

Kuhusu joto sitazunguka. Pedi zake ni za ngozi bandia, zinafunika sikio zima, na Tanga ya Januari na Februari mnaijua. Masikio yanatoka jasho. Isitoshe haikutengenezwa kustahimili maji, kwa hiyo si ya kutoka nayo wakati wa masika, wala ya kufanyia mazoezi pale Raskazone. Tuna kitambaa kidogo cha kufutia, kinakaa ndani ya mkebe wake.

Sasa nije kwenye ndoa, maana ndiko nilikotaka kufika.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafumbo. Mke akikasirika hasemi amekasirika, anabadilisha khanga. Nami nilizaliwa humo. Nikitaka chai siombi chai, nauliza, “Hivi chai imekwisha?” Mke wangu hujibu, “Ndiyo, imekwisha,” kisha anaendelea na shughuli yake, kwa sababu nimeuliza na amejibu. Khanga zenyewe anazijua kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Ana daftari: jina, pindo, mji, kiwanda, soko alikoiona. Zile za Mombasa zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla zina rafu yao peke yao kabatini, na mgeni haruhusiwi kuzikunjua bila kunawa mikono. Basi siku moja jirani mmoja, aliyekuwa na kinyongo sikijui, alikuja kusimama mlangoni kwetu amejifunga khanga ya “Hasidi hana sababu”, ameigeuza ili maandishi yasomeke vizuri. Mtaa mzima ulielewa. Mke wangu alitoka, akainama kulitazama pindo, akamwambia jina hilo limechapwa na michoro mingi lakini lenye korosho kubwa namna ile ni nadra, akaomba ruhusa ya kuipiga picha. Jirani alisimama akapigwa picha. Mpaka leo wanasalimiana vizuri, na nadhani yule mama bado hajui nani alishinda.

Nacheka, lakini ndani ya nyumba mambo hayo hayachekeshi kila siku. Mtu asiyesoma fumbo lako, nawe usiyesoma uso wake, mtaumizana bila yeyote kukusudia. Mke wangu akirudi kazini amejaa, uso wake hufunga. Hajibu, haangalii, anapita sebuleni kama hakuna mtu. Kwetu uso huo una maana moja tu: amenuna, na aliyemnunisha ni wewe. Nikawa nafuata, nauliza, nabembeleza, nalaumu. Kila swali lilikuwa grenda nyingine.

Hedifoni ilimaliza hilo kwa namna ambayo haihusiani na sauti kabisa. Inaonekana. Ni kitu kikubwa cheusi juu ya kichwa cha mtu, huwezi kusema hukukiona. Mke wangu aliandika karatasi akaibandika kwenye friji. Ikiwa kichwani: nimejaa, siwezi kuongea, sina hasira na wewe. Ikiwa shingoni: unaweza kusema, kwa kifupi. Ikiwa mezani: karibu. Sina haja ya kuusoma uso, nasoma hedifoni. Yale maneno “sina hasira na wewe” nimeyasoma pale mlangoni mwa friji mara nyingi, nikiwa nimeshika jagi la maji, na yamenizuia kusema mambo ambayo yangechukua wiki kufutika.

Wenye iyafoni ndogo zile za kuingia ndani ya tundu la sikio watasema nazo zinazuia kelele. Zinazuia. Lakini hazionekani, hasa chini ya mtandio, na kwangu mimi mumewe hiyo ndiyo tofauti kubwa. Yeye pia hawezi kuvumilia kitu ndani ya tundu la sikio.

Kuna kitu wahandisi wameweka ambacho kwetu kimekuwa lugha. Ukifunika kikombe cha sikio la kulia kwa kiganja, hedifoni inashusha ulichokuwa unasikiliza na kuruhusu sauti ya nje iingie, ili umsikie mtu bila kuivua. Ukiondoa kiganja, inarudi ilivyokuwa. Basi nikianza kusema jambo, nikauona mkono wake unapanda kwenye sikio la kulia, najua nimesikilizwa. Hanitazami machoni, kunitazama machoni na kunisikiliza kwa pamoja ni kazi mbili, na huchagua moja. Kiganja kile ndicho macho yake. (Kama ameivaa chini ya mtandio haifanyi vizuri kila mara, lakini mkono hupanda vilevile, na mimi ninachohitaji ni mkono.)

Kinyume chake ni kile wanachokiita Speak-to-Chat. Kazi yake ni hii: mvaaji akianza kuongea, hedifoni inakata muziki yenyewe na kufungua sauti ya nje, ikidhani anazungumza na mtu. Kwa mhudumu wa benki huenda ni neema. Mke wangu hujisemea. Hurudia sentensi aliyoipenda, huimba mistari miwili ya wimbo uleule, huhesabu kwa sauti ya chini akikunja nguo, na hayo yote hedifoni itayachukulia kuwa ni mazungumzo. Kama mwenzio ana tabia hiyo, na baadhi ya wenye Asperger wanayo, izime mapema: bandika vidole viwili kwenye kibao cha kulia uvishikilie kwa sekunde kadhaa, au ingia kwenye programu ya simu. Kwetu imezimwa tangu siku ya kwanza.

Mama yangu hakuipenda. Mavyaa wa Tanga anakwenda kutembelewa na mkamwana, mkamwana ana kitu masikioni. Aliniita pembeni. “Mkeo kaziba masikio mbele yangu. Mimi nimekuwa redio?” Nikaanza kutafuta maneno ya kupaka mafuta, ya kazi nyingi na kichwa kuuma. Mke wangu alikuwa ameshasikia, maana kama nilivyosema, sauti ya mtu inapita. Akaja, akakaa chini kwenye mkeka, akasema kama anavyosema kila kitu: “Shikamoo, mama. Sauti yako naisikia na naipenda. Nimelizima feni lako, sikukuzima wewe.” Mama akamtazama. Akalitazama feni. Akamwambia mdogo wangu alizime. Tangu hapo tukifika kwa mama feni huwa limezimwa, sote tunachuruzika jasho, mke wangu amevua hedifoni, na mama anajipepea kwa kipepeo cha ukindu huku akimsimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nimejitolea kumnunulia feni jipya. Hataki, anasema lile bado zima.

Harusi ya dada yangu ndiyo iliyonifundisha mipaka ya kifaa hiki. Huko nyuma, harusini mke wangu alikuwa akikaa muda mfupi, kisha unamkuta amekaa kwenye gari la mtu, vioo vimepandishwa, kwenye joto lile. Safari hii alikuwa na hedifoni. Alikaa. Jenereta la nyuma ya ukumbi halikumfikia, na mdundo wa spika ulipungua makali. MC alimfikia, maana sauti ya MC wa Tanga hakuna teknolojia ya kuizuia. Aliketi kwenye meza ya pembeni akichunguza sare za wageni, akazungumza kwa raha na shangazi yangu mmoja anayeuza vitambaa. Mawifi zake wakataka aivue kwa ajili ya picha. Akaivua, picha ikapigwa, akairudisha. Mpaka keki inakatwa alikuwepo. Mimi nikafurahi, nikajiona tumeshashinda.

Siku iliyofuata hakuamka. Hakuwa mgonjwa, aliishiwa tu. Chumba giza, hedifoni kichwani, siku nzima. Kelele ni sehemu moja ya harusi. Kuna manukato ya watu mia kwenye ukumbi mmoja, kuna taa zinazozunguka, kuna mikono ya watu usiowajua inayokushika begani, kuna kuulizwa “wifi, mbona huchezi?” na kila anayepita, na kuna kazi ya kuweka uso wa harusi kwa saa tano. Hakuna hedifoni ya hayo. Kwa hiyo nitasema wazi kwa anayenunua: usimnunulie mwenzio kifaa hiki ili apate kukufuata kila unakotaka aende. Akikaa saa tano badala ya moja, zile nne amezitoa mahali, na mtazilipa nyote wawili kesho yake. Sasa tunakubaliana kabla: tunaingia, tunasalimia, tunakula, tunaondoka kabla ya kutunza, na atakayeuliza naulizwa mimi.

Aliwahi kunipa kusoma makala ya mtafiti Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji. Ni ya mwaka 2012. Hoja yake ni kwamba pengo la kuelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao lina pande mbili: yeye hanisomi mimi, na mimi simsomi yeye, ila kwa kuwa watu wa aina yangu ni wengi, tumeamua upungufu uko kwake. Mke wangu alipigia mstari sehemu moja tu, akaniwekea makala juu ya mto. Nilipomuuliza anataka kusema nini, alijibu kwamba hataki kusema kitu, makala imeshasema.

Basini ndipo hedifoni inapostahili kila shilingi. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, injini inanguruma, na mbele kuna televisheni yenye filamu ya watu wanaogombana kwa kupokezana. Mngurumo unafutika karibu wote. Filamu inabaki, lakini mbali. Zamani alikuwa anasafiri ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Sasa hulala, na hulala begani kwangu, jambo ambalo kwa mke wangu si dogo: hapendi mkono unaopapasa, hapendi kuguswa kijuujuu, ukimshika mshike kwa uzito au uache. Kichwa chake pamoja na ile gramu 254 ya plastiki hukaa juu ya mfupa wa bega langu tangu Segera. Naumia, sisogei.

Chaji yake haina maneno. Kampuni inatangaza saa 30 huku kizuia kelele kimewashwa, na chaji ya dakika 10 inatosha saa 5 ukiwa na kichwa cha chaji chenye nguvu. Umeme ukikatika jioni, kabla ya jenereta za mtaa hazijaanza kuunguruma moja baada ya nyingine, huwa tayari. Ikiisha kabisa kuna waya wa kuchomeka unaokuwezesha kusikiliza bado, ila kizuia kelele hakitakuwepo, na kwa mke wangu hiyo ni sawa na kuvaa kofia.

Haifai kulalia. Ukilala ubavu, kikombe kinakubana. Ramadhani, vijana wa ngoma za daku wakipita saa tisa usiku, hutumia vile vizibo vya sponji vya duka la dawa, anavumilia kuvihisi kwa saa hiyo moja, na analalamika kwamba akila daku navyo anasikia anavyotafuna. Barabarani pia haifai, hasa mji huu wa baiskeli ambazo hazina mlio. Kuna hali ya kuruhusu sauti ya nje iingie yote. Akivuka barabara huiweka hiyo, nami namkumbusha kila asubuhi, naye kila asubuhi hunijibu kwamba anakumbuka.

Kwa asiye na laki nane, maduka ya vifaa vya ujenzi yana zile za mafundi wa grenda, za plastiki, hazina betri. Kwa sauti za watu na za vyuma zinaziba vizuri, pengine kuliko hii ya bei kubwa. Kwa mngurumo mzito haziwezi, na zinabana kichwa. Anzeni nazo. Mkiona mwenzio anazivaa hadi sebuleni, hapo mjue pesa ya hii haitapotea.

Ya kwetu shemeji yangu aliileta kutoka Dubai. Hapa nchini bandia ni nyingi na zimetengenezwa kwa ustadi, boksi lilelile, maandishi yaleyale. Kabla hujalipa, iwashe ukiwa dukani uiunganishe na programu ya Sony kwenye simu yako. Bandia nyingi hukwama hapo. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, ondoka. Toleo hili ni la 2020 na yameshatoka mengine. Lile la 2022, XM5, halikunjiki, mkebe wake ni mpana, kwa mkoba wa mwanamke ni usumbufu. Lile la 2025, XM6, limerudi kukunjika, na bei yake imepanda. Kwa kazi tuliyoieleza hapa sioni sababu ya kuiacha hii, hasa ukiipata kwa bei iliyoshuka.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya jasho la masikio. Mke wangu anapinga: anasema joto ni la Tanga, hedifoni haina kosa, na kwa hiyo hesabu yangu si sahihi.